Git Bash iliyogoma baada ya Restart: uchambuzi wa kisa kimoja

Ofisi yenyewe inashughulika na takwimu. Kila wiki mafaili ya CSV yanaingia kutoka wilayani, skripti moja ya bash (programu inayopokea amri zilizoandikwa na kuziendesha) inayaunganisha, inaondoa mistari iliyojirudia, kisha inatoa jedwali moja la kupeleka ngazi ya juu. Linux hakuna hapo. Mashine zote ni Windows 10, na bash inayotumika ni ile inayokuja pamoja na Git for Windows, yaani Git, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, iliyoandaliwa kwa Windows. Kazi ilikwenda hivyo muda mrefu. Halafu ndani ya juma moja baadhi ya mashine zikaanza kugoma huku nyingine zikiendelea vizuri, na hakuna aliyeweza kueleza zinatofautiana nini: kompyuta za aina moja, Git toleo moja, skripti ile ile.

Ukibofya ikoni ya Git Bash kwenye mashine iliyogoma, dirisha lilifunguka na kukupa hiki tu:

Error: Could not fork child process: There are no available terminals (-1).
DLL rebasing may be required; see 'rebaseall / rebase --help'.

Nilipofika, ofisi nzima ilikuwa imeshakubaliana juu ya chanzo. "Kaka, ni update ya Windows," dada wa kitengo cha takwimu aliniambia. "Iliingia, mashine ikajizima ikajiwasha, na tangu hapo bash haifunguki." Alikuwa anasema alichokiona, na alichokiona kilikuwa kweli. Fundi wa ofisi alikuwa ameiondoa update hiyo, bila mafanikio. Alikuwa ameiondoa Git na kuisakinisha upya, bila mafanikio. Mashine moja ilikuwa imeongezewa RAM, kwa sababu ujumbe mwingine uliokuwa ukitokea ulisema "Resource temporarily unavailable", na mtu akisoma maneno hayo anaelewa kwamba kuna kitu kimepungua. RAM ikaongezeka, bash ikabaki imekufa.

Napenda kuanza na kitu kinachoonekana, siyo na orodha ya washukiwa. Ikoni ya Git Bash haifungui bash moja kwa moja. Inafungua mintty, yaani lile dirisha, na mintty ndiyo inayoiita bash. Kama mintty yenyewe inashindwa, hujui bado bash ina hali gani. Kwa hiyo nilifungua dirisha jeusi la kawaida, cmd, na kuiita bash yenyewe, nikiizuia isisome mafaili yake ya kuanzia:

"C:\Program Files\Git\usr\bin\bash.exe" --noprofile --norc

Ikafunguka bila neno. Nikaandika echo habari, ikajibu. Nikaandika pwd, ikajibu. Nikaingia kwenye folda ya CSV kwa cd, nikaandika echo *.csv, ikanitajia mafaili yote. Fundi aliyekuwa amesimama nyuma yangu akasema, "Mbona inafanya kazi?" Nikaandika ls, programu ya nje inayoorodhesha mafaili. Hapo ndipo ilipokaa kimya kidogo, kisha ikatoa mistari hii, ambayo hapa nimezifupisha zile namba ndefu:

0 [main] bash 1043 child_info_fork::abort: \??\C:\Program Files\Git\usr\bin\msys-2.0.dll: Loaded to different address: parent(0x...) != child(0x...)
bash: fork: retry: Resource temporarily unavailable

Jaribio lililofuata ndilo lililofunga mlango. Niliandika x=$(pwd). Amri ya pwd ilikuwa imejibu dakika moja kabla, kwa sababu imo ndani ya bash yenyewe na haihitaji programu nyingine. Ila ukiiweka ndani ya $( ), bash inalazimika kujizalisha, yaani kutengeneza nakala yake ambayo ndiyo itakayoendesha amri hiyo. Ikaanguka kwa kosa lile lile. Amri ile ile, kwenye dirisha lile lile, inafanya kazi pasipo kujizalisha na inakufa inapojizalisha. RAM haikuwa na hatia, skripti haikuwa na hatia, wala ls haikuwa na ubaya wowote. Kilichovunjika ni fork.

Inabidi nieleze fork hapa, maana bila hiyo kila dawa inayofuata itaonekana kama uganga. Kwenye Unix, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, programu huanzisha nyingine kwa hatua mbili: kwanza inajinakili nzima pamoja na kumbukumbu yake yote, kisha ile nakala inajigeuza kuwa programu mpya. Windows haikujengwa hivyo. Huko programu huanzishwa upya kabisa kutoka kwenye faili lake, ikiwa tupu, bila kurithi kumbukumbu ya aliyeiita. Mradi wa Cygwin, ulioanzia kampuni ya Cygnus mwaka 1995, ulilitatua hili kwa kuigiza. Bash ikitaka kujizalisha, Cygwin inaanzisha bash.exe nyingine, inaisimamisha mlangoni kabla haijaanza kazi, kisha mzazi anamimina kumbukumbu yake ndani ya mtoto, kila kitu kwenye anwani ile ile, yaani mahali pale pale kwenye kumbukumbu, kilipokuwa. MSYS2 ilichipuka kutoka Cygwin, na Git Bash imejengwa juu ya MSYS2. Lile faili la msys-2.0.dll, ambalo ni DLL, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ndilo linalobeba uigizaji wote huu.

Tatizo liko kwenye maneno "anwani ile ile". Kumbukumbu iliyomiminwa imejaa maelekezo ya aina ya "kitu fulani kiko mahali fulani". Ni kama kunakili daftari la muuza duka linaloandika sukari iko rafu ya tatu na sabuni rafu ya sita, ukalipeleka duka jingine ambalo rafu zimepangwa tofauti: kila mstari umenakiliwa sawasawa, na kila mstari ni uongo. Kwa hiyo kama msys-2.0.dll imekaa anwani moja kwa mzazi na nyingine kwa mtoto, nakala haina maana. Cygwin inalijua hilo, inalinganisha anwani hizo mbili, na ikiona zimetofautiana inamuua mtoto kuliko kumwacha aharibu data. Huo ndio mstari wa kwanza unaosema "Loaded to different address". Mstari wa pili ni matokeo tu. Bash iliomba fork, ikarudishiwa kosa namba 11, na tafsiri ya namba 11 katika jedwali la makosa la Unix ni "Resource temporarily unavailable". Kwenye Linux maneno hayo kwa kawaida yanamaanisha michakato (programu zinazoendeshwa) imezidi au kumbukumbu imebana. Hapa hayamaanishi hivyo kabisa.

Karibu kila mtu ninayekutana naye na tatizo hili amenakili mstari wa mwisho na kuutafuta mtandaoni. Mstari wa mwisho unakupeleka kwenye RAM. Ule wa kwanza unakupeleka kwenye jibu.

Na hata huo wa kwanza usomwe kwa makini, kwa sababu una ndugu anayefanana naye. Cygwin inaweza kusema "address space needed by" DLL fulani "is already occupied", yaani mahali inapotakiwa kukaa pameshakaliwa. Hiyo ni kesi nyingine. Mara nyingi ni antivairasi au programu nyingine inayojipenyeza ndani ya kila mchakato na kukalia nafasi, au DLL zenyewe zinagombania nafasi, jambo lililokuwa la kawaida sana enzi za biti 32 ambapo anwani zilikuwa chache. Hapo ndipo rebaseall inaposaidia, kwa sababu kazi yake ni kuigawia kila DLL nafasi yake isiyogongana na nyingine. Sisi hatukuwa na mgongano. Anwani ilikuwa inabadilika kutoka mchakato mmoja hadi mwingine, na hata ukiendesha rebaseall mpaka kesho, anwani inayochaguliwa upya kila mara haitatulia. Ushauri ulioandikwa chini ya ujumbe wa mintty haukuwa wa ugonjwa huu.

Basi nani anayezibadilisha? Windows ina kinga iitwayo ASLR, iliyoingia na Windows Vista mwaka 2007. Inazipanga programu kwenye anwani zisizotabirika ili mshambuliaji asijue pa kulenga. Kwa kawaida inagusa tu programu zilizojengwa zikiwa na alama ya kuikubali. Ile msys-2.0.dll ya toleo walilokuwa nalo haikuwa na alama hiyo, kwa makusudi, maana fork inahitaji utulivu. Lakini ndani ya Exploit protection, iliyokuja na Windows 10 toleo 1709 mwezi Oktoba 2017, kuna swichi ya kulazimisha: hata programu isiyo na alama ihamishwe. Ikishirikiana na kinga nyingine ya kuchagua nafasi kwa kubahatisha, programu ya namna hiyo inapata anwani mpya kila inapoanza. Swichi hiyo huja ikiwa imezimwa. Niliuliza hali yake kwa PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows:

Get-ProcessMitigation -System

Kwenye sehemu ya ASLR, ForceRelocateImages ilikuwa ON. Mtu ameiwasha.

Hapa fundi alinipinga, na alipinga vizuri. Alikwenda kwenye mashine nzima, ile ambayo skripti ilikuwa ikiendelea kufanya kazi, akaandika amri ile ile. Nayo ikasema ON. Kama swichi ndiyo chanzo, kwa nini hii haiumwi?

Nililipenda sana swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza kisa kizima. Amri ile inasoma kilichoandikwa kwenye sajili ya Windows, ghala la mipangilio yake. Lakini kiini cha Windows, sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mfumo wote, husoma mpangilio huu wa mfumo mzima kinapowaka, na kukaa nao hadi kiwashwe upya. Mashine inaweza kuwa imeandikiwa ON huku kiini chake kikiishi bado na mpangilio wa zamani. Na kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui: tangu Windows 8, kuchagua Shut down hakukizimi kiini kikweli ikiwa Fast Startup imewashwa. Windows inakihifadhi kiini kwenye diski na kukirudisha asubuhi kilivyokuwa. Restart ndiyo inayokianzisha upya. Kwa hiyo mfanyakazi anayezima mashine yake kila jioni kwa uaminifu anaweza kukaa majuma na kiini kile kile, na mwenzake aliyebonyeza Restart mara moja tu ana kipya.

Tukakusanya tarehe. Kila mashine tuliiuliza mara ya mwisho kiini chake kuwaka ni lini:

(Get-CimInstance Win32_OperatingSystem).LastBootUpTime

Kisha nikamwendea afisa wa usalama wa TEHAMA nikamuuliza kama kuna sera mpya ya kinga iliyosambazwa karibuni. Ipo, na tarehe yake ilikuwa kwenye kumbukumbu zake. Tulipoziweka tarehe hizo upande kwa upande, mashine zote zilizogoma zilikuwa zimewaka baada ya sera kufika, na zote zilizokuwa nzima ziliwaka kabla yake. Hakuna hata moja iliyotoka nje ya mstari huo. Zile za mezani zilizozimika ghafla umeme ulipokatika zilikuwa kwenye kundi la waliogoma, kwa sababu mashine iliyokatikiwa umeme haina nafasi ya kuhifadhi kiini chake. Update ya Windows nayo ikapata nafasi yake kwenye maelezo: haikuharibu kitu, ila ililazimisha Restart, na Restart ndiyo iliyoiamsha sera iliyokuwa imelala. Kuiondoa update kulihitaji Restart nyingine, na mgonjwa akabaki alipo.

Ili tusibaki na tarehe peke yake, tuliomba ruhusa ya mwenye mashine moja iliyokuwa nzima, akahifadhi kazi zake, tukabonyeza Restart. Ilipowaka, x=$(pwd) ikaanguka. Tulikuwa tumeutengeneza ugonjwa kwa mikono yetu, na kuanzia hapo hakuna aliyetaja update tena.

Dawa inayopatikana haraka mtandaoni ni kuizima ile swichi kwa programu zote za mashine. Inafanya kazi, na mimi naipinga. Afisa aliyeiwasha hakukosea. Ofisi ile inatumia programu za zamani za uhasibu zilizojengwa kabla watu hawajaizoea ASLR, na hizo ndizo zinazofaidika na kulazimishwa. Kuivua kinga kompyuta nzima kwa ajili ya bash ni bei kubwa mno wakati Windows inaruhusu msamaha wa programu moja moja. Watengenezaji wa Git for Windows nao wanalitaja jambo hili kwenye maelezo ya matoleo yao, na wanaelekeza kwenye msamaha kwa programu zilizomo ndani ya usr\bin.

Fundi akaanza na bash.exe pekee. Fork ikapona: x=$(pwd) ikajibu. Lakini ls ikaleta kosa jipya, lenye maneno "cygheap base mismatch detected", na chini yake ushauri wa kutafuta nakala zote za DLL hiyo kwenye kompyuta na kuzifuta, ibaki iliyo mpya zaidi. Naomba msomaji asiufuate ushauri huo kabla ya kuhakiki. Umeandikwa kwa ajili ya hali nyingine, ya mtu mwenye Cygwin mbili za matoleo tofauti zinazogongana, na mtu anayeutii kwa haraka anaweza kufuta DLL ambayo programu nyingine inaitegemea. Tuliandika where msys-2.0.dll ndani ya cmd, ikarudisha nakala moja tu kwenye njia ya programu. Hakukuwa na wa kugongana naye. Kilichotokea ni kwamba bash iliyosamehewa ilikaa mahali pake pa asili, ikaianzisha ls.exe ambayo haijasamehewa, na ls ikapelekwa kwingine. Hata wakati wa kuanzisha programu nyingine, mzazi wa Cygwin humpa mtoto sehemu ya kumbukumbu yake, na kwenye matoleo yale sehemu hiyo nayo ilitegemea DLL ikae pale pale. Msamaha ukihusu nusu ya familia, nusu nyingine inaanguka.

Kwa hiyo familia nzima, kwa PowerShell iliyofunguliwa kama msimamizi:

Get-ChildItem "C:\Program Files\Git\usr\bin\*.exe" | ForEach-Object { Set-ProcessMitigation -Name $_.FullName -Disable ForceRelocateImages }

Angalia hapo FullName. Amri inayozunguka mtandaoni hutumia jina tupu la programu, na hilo ni kosa ambalo halionekani mara moja. Ndani ya usr\bin kuna find.exe na sort.exe. Ndani ya System32 ya Windows pia kuna find.exe na sort.exe. Ukisamehe kwa jina, umezisamehe zote mbili, pamoja na faili lolote litakaloletwa na mtu mwenye nia mbaya akilipa jina la bash.exe. Ukisamehe kwa njia kamili, msamaha unabaki kwenye folda ambayo ni msimamizi tu anayeweza kuandika ndani yake. Afisa wa usalama alipoona hivyo alikubali bila mvutano. Alichokuwa anaogopa ni kuambiwa azime kila kitu.

Msamaha wa programu haungoji Restart. Unashika programu ikianzishwa upya. Tulifunga madirisha, tukabofya ikoni, mintty ikafunguka, na skripti ya CSV ikaenda mpaka mwisho. Afisa akautoa mpangilio wote kuwa faili la XML kwa Get-ProcessMitigation -RegistryConfigFilePath, akaliweka mahali pa lile la zamani kwenye sera ya kundi (Group Policy), inayosambaza mipangilio kwa mashine za ofisi, ili kila mashine ipate kinga pamoja na msamaha kwa mkupuo mmoja.

Zilibaki mashine chache zilizokataa kupona. Wenyewe walikuwa wamejisakinishia Git bila haki za msimamizi, na ikakaa ndani ya AppData ya mtumiaji, si Program Files. Njia kamili haikuwafikia. Kulikuwa na pendekezo la kuiongeza njia hiyo nayo kwenye XML, nami nikasema hapana: folda ambayo mtumiaji yeyote anaweza kubadilisha mafaili yake haifai kupewa msamaha. Tuliziondoa Git hizo na kuweka ya ofisi.

Bosi aliuliza kwa nini wasihamie WSL, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Kwa mashine mpya ni wazo zuri. WSL 2 inaendesha kiini halisi cha Linux ndani ya mashine pepe, fork yake ni fork ya kweli, na swichi hii haiigusi. Lakini inahitaji virtualization, uwezo wa kuendesha mashine pepe, iwe imewashwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, na mashine za pale zenye RAM ya GB 4 zingepumua kwa shida. Cygwin nayo ilisogea: toleo 3.4 la Desemba 2022 liliwezeshwa kuishi na ASLR kamili, na programu zake sasa zinajengwa zikiwa na alama ya kuikubali. Anayesakinisha Cygwin mpya leo huenda asikutane na kisa hiki kabisa. Kwa Git Bash nisingeondoa msamaha kwa kudhani. Ningepandisha toleo kwenye mashine moja, nikautoa, nikabonyeza Restart yenyewe wala si Shut down, kisha nikaandika:

x=$(pwd); ls | wc -l

Mstari huo unapita kwenye fork na kwenye kuanzisha programu nyingine kwa pamoja. Fundi aliuandika kwenye karatasi ya ukaguzi wao, pamoja na agizo la kuirudia ile amri ya PowerShell na kulitoa upya faili la XML kila Git inapopandishwa toleo, kwa kuwa programu mpya itakayoingia ndani ya usr\bin haitakuwa kwenye orodha ya zamani.